Nyota Hazivutwi

Fundi cherehani alikuwa akipinda suruali za shule mumewe aliporudi kutoka kwa daktari wa macho. Mume alikuwa mchomeleaji. Miaka yote alichomelea mageti bila kinyago, akijigamba kwamba macho yake ni sugu. Sasa yalikuwa yanazimika, na daktari hakumficha.

"Nikitazama juu naona giza tu," alisema. "Nipigie picha moja ya nyota, kubwa, niishike karibu. Niziage."

Mke hakupoteza muda. Alitoa cherehani yake ya pili, akabadilishana na darubini ndefu. Muuzaji alimwambia inavuta mara mia tano, na neno hilo likamkaa kichwani. Akabana simu kwenye darubini, akapiga. Nyota zikatoka kama mafunza. Wiki nzima alipiga, wiki nzima akapata mafunza, na kila mara mume aliinamia picha kwa muda mrefu zaidi.

Jirani yao mwenye studio ya picha alipofuata gauni lake, aliigusa ile darubini kwa kidole. Ikatikisika yote.

"Miguu hii haifai hata kuanikia nguo," alisema.

"Lakini shoga, inavuta mara mia tano."

"Basi na mtikisiko inauvuta mara mia tano. Nyota huivuti, shoga. Unaungoja mwanga wake."

Akamweleza taratibu. Anayeanza atafute kwanza stendi nzito. Kamera iliyotumika inatosha, mradi imruhusu kupanga mwenyewe muda wa kupokea mwanga. Lenzi iwe ya kuona eneo pana, yenye tundu kubwa. Kitufe kikibonyezwa, kamera isubiri kidogo ndipo ipige, mkono usije ukaitikisa. Na muda usizidi sekunde kumi na tano hivi, kwa sababu dunia inazunguka na nyota huacha mkia.

"Vyote ninavyo. Mbona hukuniuliza?"

Fundi alianza kulikunja gauni la jirani. Alikuwa amemwona ni mtu wa picha za pasipoti tu, na sasa aibu ilimchoma.

Jioni moja yeye na jirani walitoka nje ya mji, mbali na taa. Safari hii kila nyota ilitoka nukta safi. Picha ikachapishwa kubwa.

Mume aliipeleka dirishani. Akaigeuza huku na huku, akaisogeza mpaka puani.

"Hii nayo imeharibika," alisema kwa upole. "Nyeusi tupu."

Fundi aliitazama picha. Nyota zilijaa tele.

"Kweli," alisema. "Imeharibika. Nitajaribu tena."