Sauti Chini ya Zulia la Mzee Nazmi

Ilianza na harufu ya ngano iliyooza. Jumanne moja, baada ya chakula cha mchana, Honorata aliisikia sebuleni kwa Mzee Nazmi, huko ughaibuni, mjini Gaithersburg, akadhani ni takataka. Akazitoa. Akasugua sinki, akafungua madirisha na baridi ile. Harufu ikabaki palepale, katikati ya zulia.

Honorata alikuwa mwenyeji wa Bukoba, na kazi yake ilikuwa kumhudumia mzee huyo Mturuki, mwalimu mstaafu asiyeweza tena kusimama peke yake. Kutwa mzee aliandika historia ya kijiji cha mababu zake huko Anatolia, enzi za masultani wa Uthmania.

"Na wewe unaisikia?" mzee alinong'ona. "Basi sijarukwa na akili."

Akamweleza. Askari wa Sultani walikuja kuchukua vijana wa vita, na waliopelekwa Yemeni hawakuwa wakirudi. Wanakijiji wakawaficha vijana kumi na mmoja katika shimo la kuhifadhia ngano, wakafunika kwa jiwe. Askari wakapiga kambi hapohapo siku sita. Chini, vijana waliomba maji. Juu, mama zao waliimba kwa nguvu ili askari wasisikie.

"Jiwe lilipoondolewa, hakuna aliyekuwa hai. Jini likaingia mle, likajifunza sauti zao. Nilidhani nikiyaandika majina yao watapumzika. Jana niliandika la mwisho."

Ndipo zulia likagongwa kutoka chini.

Alhamisi Honorata, Mkatoliki mwenye rozari mfukoni, akamleta Shehe Makame, Mzanzibari wa Temple Hills, mji usio mbali, aliyesifika kwa kutoa majini. Shehe akasoma mpaka jasho likailowesha kanzu, mzee akilia kitandani, na kule chini sauti moja ikawa mbili, mbili zikawa nyingi, zikiomba maji kwa Kituruki, hadi zote zikanyamaza ghafla, ikabaki moja tu, ikinong'ona kwa Kihaya.

Honorata akaitambua. Ilikuwa sauti ya Gregori, mdogo wake. Mwaka uliopita alimpigia simu akiwa mahututi. Honorata alikuwa kazini, akaigeuza simu kifudifudi. Alipopiga jioni, aliyepokea alikuwa akilia.

"Usiitike, mwanangu," Shehe alisema, akikunja msala. "Si yeye. Ukiitika mara moja tu, limekupata."

"Kwani hulitoi?"

"Mie hutoa jini lililojiingiza. Hili limeitwa kwa majina aliyoandika mzee. Siliwezi. Twende zetu."

Honorata hakwenda. Angemwachaje mgonjwa?

Mzee alifariki Ijumaa, amelala sakafuni, sikio limebanwa kwenye zulia. Jinsi alivyotoka kitandani hakuna aliyejua. Watu wa mochwari walipomchukua, Honorata alibaki kukusanya shuka. Akavaa koti, akashika kitasa cha mlango, na Gregori akamwita kwa jina la utotoni ambalo hata mumewe hakulijua, akaita taratibu, bila lawama, kama mtoto aliyeamka gizani na anajua dada yake yuko karibu, akaita tena, sauti ikizidi kufifia, mpaka Honorata akakiachia kitasa, akarudi, akapiga magoti.

"Abee," akaitika. "Nipo, mdogo wangu. Nipo."

Hakujibiwa.

Laurean, mumewe, humwita mezani siku hizi. Humshika bega, humsihi, humlilia. Honorata hageuki. Ameinamisha kichwa upande, sikio likielekea sakafuni, anasikiliza.