Waridi Lililovimba

Aliyenieleza habari hii kwanza ni Dorca, anayetufundisha kubandika picha kwenye trei za mbao pale Manyatta. Ilikuwa mwaka wa 1989. Alinieleza akiosha brashi kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa kwa mzimu. Ilikuwa kwa mwanamume.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unakata ua kutoka kalenda ya zamani, unapaka ubao gundi, unalaza karatasi na kuifuta kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Ikikauka unapaka vanishi, unasugua kwa msasa laini, unapaka tena. Anayeanza hukosea hapo kwenye hewa. Kwa hivyo Seline, mwanafunzi mwenzetu, alipoleta trei yake ya kwanza, ua la waridi limevimba katikati, Dorca hakushtuka.

"Umeharakisha, Mama Lornah. Toboa kwa pini, tia gundi, gandamiza."

"Nimetoboa, Mwalimu. Linavimba tena. Halafu linashuka. Halafu linavimba."

"Kumbe linapumua!" mmoja akadakia. "Lipikie uji!"

Wanawake walicheka. Seline hakucheka.

Seline hakumzaa Lornah. Mama yake alikuwa Perez, mke wa kwanza wa Nicodemus, mume wa Seline, aliyefariki mtoto akiwa bado ananyonya. Seline alimlea kama wake, na sote tukamwita Mama Lornah. Sasa mtoto alikuwa ameacha kula. Alikaa kutwa mbele ya trei zilizoegemezwa ukutani, akisema, "Naja."

Dorca aliposikia hayo alienda kwa Seline siku hiyo hiyo, alasiri, mawingu ya mvua yakija kutoka ziwani. Chumba kilinuka vanishi, na chini ya vanishi kulikuwa na harufu nyingine, ya moshi wa kuni na maziwa yaliyochacha.

"Ngoja," Seline alinong'ona. "Usiseme kitu."

Ko. Ko. Ko.

Polepole, kama mgeni mwenye adabu. Dorca aligeuka. Mlango ulikuwa wazi na nje hapakuwa na mtu. Hodi ikabishwa tena, na safari hii aliliona waridi likiruka, kana kwamba kidole kinalisukuma kutoka nyuma, na nyuma ya trei palikuwa na ukuta tu, ukuta wa udongo usiopitisha hata sindano, na bado ile karatasi iliendelea kupanda na kushuka, na sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochoka kungoja, ikasema, "Lornah, nifungulie," naye mtoto akainuka na kunyoosha mkono kama anayeshika kitasa.

"Lornah! Njoo kwa mama!" Seline alilia.

Trei ikapigwa kwa nguvu hadi ikaanguka.

"Mama gani?" sauti ikauliza. "Nani anaitwa mama humo ndani?"

Seline akamkumbatia mtoto. Dorca alichukua wembe akalikata lile waridi, akakwangua vanishi na gundi. Chini yake palikuwa na shimo lililojazwa unga wa mbao. Tundu la ufunguo.

Nicodemus aliporudi kutoka kazini, Dorca alimngoja mlangoni.

"Baba Lornah, mbao hizi ulitoa wapi?"

"Ubao ni ubao, Mwalimu."

"Ubao gani una tundu la ufunguo?"

Akatazama chini. "Ile nyumba ya marehemu kule Seme imekaa bure. Mlango mzuri unaoza na mvua. Nikaukata trei tatu."

Kwetu nyumba ya mke aliyefariki huachwa ianguke yenyewe, mlango wake umefungwa. Hakuna anayeng'oa hata msumari. Nicodemus alilijua hilo. Watoto wetu wanalijua.

Seline hakunong'ona tena. "Umeifungua nyumba ya mwenzangu, ukaniletea mlango wake niupambe maua!" Akamrushia mkebe wa vanishi, ukampata kifuani. "Na mtoto wake ndiye alipe?"

Jioni hiyo wote walienda Seme na trei mbili. Nicodemus alizigongomea penye mlango, shati lake limegandamana na vanishi, na hakuna aliyemshikia hata nyundo. Pakabaki pengo, chini, urefu wa mtoto.

"Ya tatu iko wapi?" Dorca akamwuliza.

Alikuwa ameiuza mwenyewe kwa mama mmoja aliyepita akiwa na mtoto mgongoni. Mama huyo alimwambia tu kwamba anakaa mtaa wa Migosi. Jina hakuuliza.

Lornah alisimama mbele ya lile pengo, akaliangalia, kisha akageuka kuelekea mjini. "Hayuko humu," alisema. "Amekwenda kwa yule mtoto mwingine. Akimaliza huko atakuja kunichukua."

Tangu siku hiyo mtoto akawa ananyweshwa maji kwa kijiko.

"Na Nicodemus je?" nilimwuliza Dorca. "Ameitafuta?"

"Anasema ataona aibu kuzunguka nyumba za watu akiulizia trei."

"Aibu!"

"Ndivyo alivyosema. Aibu."

Sikulala vizuri. Asubuhi iliyofuata nilimnyonyesha mwanangu akashiba, nikamwacha kwa jirani, nikatembea hadi Migosi. Mimi huona haya hata kuomba chumvi. Nilisimama kwenye nyumba ya kwanza ya mstari wa kwanza, nikabisha kwa ngumi, na mwenye nyumba alipotokea sikumsalimu. Nilimwambia, "Mama, nitolee trei zako zote. Zote. Nataka kuziona."