Mzee wa Mwisho Mstarini

Kisa hiki nimekisimulia miaka miwili nikisema kilimpata shoga yangu wa Kibokoni. Shoga huyo hana jina, wala hakuzaliwa. Kilinipata mimi, Tumu, na nimechoka kumsingizia mtu asiyekuwapo.

Siku kilipoanza ilikuwa siku kama nyingine. Agosti, mwaka wa tisini na sita, rasharasha ya Kusi juu ya mabati, nami nimekaa sakafuni nachambua mchele. Mume wangu Gunga, aliyekuwa mchukuzi wa Kilindini miaka thelathini, alikuwa amefariki Julai. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa eda: miezi minne na siku kumi, sitoki, sijipambi, sionwi na mwanamume ambaye si maharimu wangu. Wanawake walikuja kunihani, kunipa pole, kutoka Makadara mpaka ng'ambo ya Feri. Walimkumbuka Gunga alivyocheka, alivyoimba akibeba magunia, wakalia. Mimi macho makavu. Nilikuwa nikisema tu, "Alhamdulillahi, alikwenda na shahada mdomoni."

"Mke ni wewe, Bi Tumu," walikuwa wakinijibu. Neno hilo lilikuwa likinichoma, nanyi mtajua kwa nini.

Jirani yangu wa mlango kwa mlango hapo orofani alikuwa Zarina, Mhindi wa Kibohora, fundi wa kushona, naye mjane wa zamani. Siku hiyo aliingia na mashine nyeusi chini ya kwapa, nyaya zinaning'inia.

"Bi Tumu, utaota kuvu humu. Nimekuletea mchezo wa televisheni."

"Ah! Mwenye eda na michezo ya watoto?"

"Tasbihi ishike kwa mkono huu."

"Na huo mwingine?"

"Huo utajua kazi yake."

Mashine ilikuwa ya kakake, Hakimuddin, ambaye alikuwa akitengeneza televisheni na kukodisha michezo Makadara. Yeye hakuruhusiwa kuniona, kwa hiyo alisimama ngazini nyuma ya pazia, akatuelekeza kwa sauti.

"Ni mchezo wa kale huo, Mama. Niliucheza nilipokuwa kijana, miaka tisa nyuma. Sasa wameutengeneza upya, rangi tele, muziki tele. Lakini ule wa kwanza, wallahi, ulikuwa na roho."

"Mimi wa kwanza sikuuona, mwanangu. Sina cha kukumbuka. Huu wanitosha."

Walikuwa wasafiri wanne wakipeleka taa mji wa mbali, wakitembea mmoja nyuma ya mwenziwe kama watoto wa chuoni. Hupigana, hupata nguo na silaha, na kila mmoja wampa jina ulitakalo. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Mimi nasoma msahafu tu, hivyo Zarina alikuwa akinisomea. Wa mbele, mwanamke, tukamwita Tumu. Wa pili Zarina. Wa tatu Hakimuddin, na mwenye jina akacheka kule ngazini. Wa nne alikuwa mchukuzi mzee, mgongo umepinda.

"Huyu tumwite nani?"

"Gunga," nikasema. Mdomo ulitangulia.

Ulinishika mchezo ule, siwafichi. Baada ya swala ya adhuhuri nilikuwa nikikaa kuucheza mpaka alasiri. Ikisikika hodi, kidude cha kuchezea chini ya kanga, tasbihi juu. Siku moja Bi Mwanakhamis alikuja kuhani, akaweka kiganja juu ya televisheni. Ilikuwa moto.

"Wasikiza mawaidha?"

"Ndiyo, dadangu. Mawaidha."

Mjane anayesifiwa na mji mzima, naye amkalia mumewe eda akiua majoka.

Wiki ya pili tukafika penye daraja la kamba. Hakimuddin, aliyekuwa akija kutuelekeza, akatuita kutoka ngazini.

"Mama, hapo mzee hufa. Hakuna la kumwokoa. Wajuzi humvua kila kitu kabla hajavuka, kwani akianguka huzama navyo. Mimi sikuweza. Nilimwachia joho lake la sufu. Nililia siku ile, Mama, kijana mzima."

Nikabonyeza. Nikampokonya fimbo. Nikamvua viatu. Nikamvua joho.

"Hata joho, Bi Tumu?" Zarina alininong'oneza.

"Atalifanyia nini? Yuafa."

Nikajisikia nikisema. Maneno hayo hayo nilikuwa nimeyasema Julai.

Gunga alilala kitandani miezi saba. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza. Mifupa yangu ilichoka, kisha moyo nao ukachoka. Baridi ilikuwa haimtoki, na alikuwa na sweta nzito ya kijivu aliyopewa na baharia mmoja bandarini; hiyo ndiyo aliyojifunika miguuni. Kazungu, aliyekuwa akituletea maji kwa mkokoteni, aliiona akaipenda. "Bibi," alinitania, "mzee akienda, hiyo ni yangu." Marehemu mamangu alitukataza: nguo ya mgonjwa haitolewi sadaka naye angali ahema. Nilimsikia kabisa mamangu kichwani. Lakini asubuhi moja niliivuta ile sweta kitandani, nikaikunja mara nne, mikono ndani, nikampa Kazungu mlangoni. Nilitaka mambo yaishe. Nilikuwa nimeanza kuyamaliza mwenyewe.

"Mzee hatauliza?" Kazungu akaniuliza.

"Atalifanyia nini vazi? Yuafa."

Kitanda kilikuwa dirishani. Gunga aligeuza shingo akatazama njiani. Akamwona Kazungu yuasukuma mkokoteni, sweta maungoni. Akanigeukia polepole.

"Tumu. Nna baridi."

"Baridi gani, Mombasa hii?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alikufa kabla ya alasiri. Shahada niliitunga mimi.

Turudi kwenye mchezo. Mzee alianguka darajani, akiwa uchi, na muziki ukapigwa wa huzuni. Zarina alifuta machozi. Mimi nikauliza njia ya kwenda mji wa pili ni ipi. Wakabaki wasafiri watatu.

Kesho yake tukawasha. Walikuwa wanne.

Wa mwisho mstarini alikuwa mzee. Mgongo umepinda. Hana fimbo, hana viatu, hana joho.

"Kaka!" Zarina akaita. "Mzee hurudi?"

"Harudi," Hakimuddin akajibu ngazini. "Ule wa kale hakurudi."

"Huu ni mpya."

"Hata huu, dada. Nimeumaliza mara mbili."

Nikatembea hatua tatu. Akatufuata. Nikasimama. Akasimama. Kisha kikafunguka kile kijisanduku cha maneno. Zarina alifungua mdomo asome, akaufunga.

"Soma, Zarina."

"Si Kiingereza, Bi Tumu."

"Ni nini?"

Akaniegemea sikioni. "Imeandikwa, 'Tumu. Nna baridi.'"

Juu ya mabati rasharasha ilikatika.

"Nani alisema maneno haya?" akaniuliza.

"Sijui."

Nilimdanganya, macho yangu yakiwa juu ya kitanda kitupu.

Tulitafuta joho lile mkobani ili nimrejeshee. Halimo. Fimbo imo, viatu vimo. Joho halimo.

Siku ya pili mzee alikuwa wa tatu. Hakimuddin wa mchezo ndiye aliyekuwa nyuma yake. Maneno yakatoka yale yale.

"Bi Tumu, kama wajua jambo, niambie."

"Sijui, nimekwambia!"

Siku ya tatu, Alhamisi, alikuwa wa pili. Nyuma yangu. Karibu, hata miguu ikigusana. Sikutembea. Sikubonyeza. Tumu wa mchezo akageuka mwenyewe, wakatazamana.

Nilivuta waya ukutani.

Mashine ilizima taa yake. Picha haikuondoka. Nilihesabu pumzi saba nikiwa na waya mkononi, na wale wawili wametazamana. Kisha kioo kikaingia giza, na ndani ya kioo nikajiona mimi sakafuni, na nyuma yangu kile kitanda.

Hakikuwa kitupu.

Mashine ilirudi Makadara jioni ile ile, na kuanzia kesho yake maji yakaletwa na mwanamume mwingine, si Kazungu tena. Nikamaliza eda yangu kwa tasbihi mikono yote miwili. Novemba nikaoga maji ya kutoka eda, wakanifukiza udi, wakanisifu tena. Nilipoweza kutoka mlangoni tu, nilimtafuta Kazungu. Nilimkuta penye mfereji, anajaza mitungi. Aliponiona alitaka kuondoka.

"Kazungu, baba, nirejeshee ile sweta. Nitakupa nguo nyingine nzuri."

"Bibi, mimi nilidhani wajua. Kwa nini wadhani siji kwako?"

"Kwani ilikuwaje?"

Akatazama pande zote. "Agosti. Mchana, watu tele. Sweta iko juu ya mkokoteni. Nikasikia mtu nyuma yangu akikohoa. Kile kikohozi, Bibi, nimekisikia miezi saba nikipanda ngazi zako. Sikugeuka. Niliacha mkokoteni, niliacha mitungi, nikaenda zangu. Nilipopata moyo wa kurudi, mitungi yote iko. Sweta hakuna."

"Siku gani?"

"Alhamisi. Ile kabla ya matanga ya shangazi yangu Kadzo."

Nilihesabu. Ilikuwa Alhamisi ile ya waya.

Zarina ndiye aliyenipeleka Makadara kwa kakake. Hakimuddin sasa aliweza kuniona. Alinipa kiti, akanipa mkono wa pole, lakini uso wake haukutulia. Alisema ile kaseti ya mchezo haikodishi tena, wateja wanairudisha siku hiyo hiyo. Kaseti ilikumbuka pale tulipoachia, akasema, lakini haikukumbuka vizuri. Akaiwasha.

Wasafiri wanne. Mbele yao wote mzee, mgongo umepinda, amevaa joho. Joho lile lilikuwa la buluu, nalikumbuka. Sasa lilikuwa la kijivu.

"Na huyu wa mwisho ni nani, Mama?" Hakimuddin aliuliza. "Jina ni lako. Hana kitu mwilini hata kimoja. Nimejaribu kumvalisha, hakubali."

Zarina alinishika mkono. "Bi Tumu. Sasa niambie."

Nikawaambia. Sweta, dirisha, shahada ya uongo, vyote. Hakimuddin aliinamia nyaya zake hata nilipomaliza, asinitazame. Yeye alimwachia mtu wa mchezo joho lake. Zarina hakuuachia mkono wangu, lakini naye hakusema, "Mke ni wewe."

Tangu siku ile nna baridi. Si homa; daktari amenipima mara tatu. Sasa ni Januari, Kaskazi imepamba moto, watu wanalala barazani kwa joto, nami nimenunua sweta nzito na kila usiku naivaa hata shingoni, vifungo vyote nimevifunga.

Kila asubuhi naamka sinayo. Naikuta miguuni pa kitanda, imekunjwa mara nne, mikono ndani.