Bakuli la Mananasi

Walikutana kwenye foleni ya duka kubwa, Jumamosi, watu wamebanana. Yeye msusi, gauni la kijani, kikapuni mananasi na chupa mbili za pombe kali. Nyuma yake fundi wa friji, ovaroli imenyooshwa kwa pasi kama suti.

"Dada, sherehe ya nani hiyo?"

"Hakuna sherehe. Naloweka matunda kwenye pombe, yakikolea nachuja, nauza kinywaji chake. Mwenyewe sinywi."

"Hata mimi sinywi."

"Wote mnasema hivyohivyo, kaka."

Msusi akacheka, lakini namba ya simu alimpa. Haikupita miezi mingi, wakawa wanaitana mpenzi kwenye simu mchana kutwa. Msusi alimwambia waziwazi: baba yake alikufa kwa ulevi, na mama yake hataki hata kumsikia mkwe mlevi. Akionekana amelewa siku moja tu, basi.

Siku ya mama kuja kumwona mchumba, friji ikagoma. Fundi akaenda kuitengeneza, msusi yuko saluni.

"Umekula, Baridi wangu?" akamuuliza kwa simu.

"Bado. Friji yako ina kiburi kama mwenyewe."

"Kula chochote utakachokuta humo. Nimeshika kichwa cha mteja, kwaheri."

Alikuta bakuli la mananasi. Matamu, ila yanachoma koo. Akadhani yameanza kuchacha. Akala zaidi ya nusu. Punde bisibisi moja ikawa mbili. Akahisi gesi ya friji imevuja, akafungua madirisha yote. Mama akaingia, peke yake, na mkoba wake.

"Shikamooni, mama zangu," fundi akasema kwa heshima zote.

Mama akanusa. Hakuitikia.

Msusi alipofika, fundi alikuwa ameshikilia fremu ya mlango.

"Umekunywa?"

"Sijanywa kitu, mpenzi. Nadhani naumwa."

"Unanuka pombe, halafu unanidanganya mbele ya mama yangu? Ondoka!"

Akaondoka, hajui kosa lake. Msusi akalia. Hakuelewa mtu asiyekunywa alilewaje, wala kwa nini bado anamtaka.

Mama alikaa na bakuli mapajani, anafoka huku anakula.

"Wanaume ni walewale! Nilikwambia mapema!" Kipande kingine. "Ila ovaroli imepigwa pasi vizuri." Kingine tena, akaanza kucheka peke yake, kilemba kikamwangukia puani.

"Mama, unakula nini?"

Msusi akachungulia bakuli. Yalikuwa mananasi aliyoyachuja asubuhi, akayasahau kwenye friji. Akashika simu, akampigia fundi.

"Uko wapi?"

"Zahanati. Nesi anasema nimelewa. Nikikataa, anacheka. Mpenzi, mimi sielewi."

"Ulikula mananasi?"

"Si uliniambia nile?"

"Nisamehe. Yalilowekwa kwenye pombe. Kosa ni langu."

Mama akampokonya simu. "Mkwe! Rudi hapa!"

"Nani huyo?"

"Ni mama!"

"Yupi kati yao?"

Kesho yake fundi alikuja na nanasi zima, ambalo halijaguswa na kisu. Mama alikuwa kwenye kochi, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo unaniona wangapi?"

"Mmoja tu, mama. Nimekuja kumwomba binti yako."

Mama akafumba macho.

"Mchukue, baba. Ila sema polepole, kichwa kinanigonga."