Gunia Lililofuliwa

Maiti ya Thongdi, mfanyakazi wa kiwanda, ililala chini ya winchi, imefunikwa punje nyeupe za plastiki ya polipropilini hadi usoni. Gunia la tani moja lilikuwa limemwangukia saa nne asubuhi, katika uwanja wa kiwanda kimoja cha Rayong. Kanda mbili za kulinyanyulia zilikuwa zimekatika.

"Ni kisu tu," alisema meneja. "Jana aligombana na Bunlue, dereva wa winchi. Kila mtu alisikia."

 Inspekta Khemchat alichuchumaa, akashika ncha ya ukanda mmoja, akausugua. Ukamwachia unga mweupe kidoleni. Akajaribu ukanda wa gunia jingine. Huo ulikuwa imara.

Baba yake aliwahi kufanya kazi kwenye mashine inayoyeyusha punje hizo na kuzivuta kuwa nyuzi za magunia kama hayo. Uzi wake hauozi, haunywi maji, hata ukiutupa baharini unaelea. Adui yake ni jua.

Kisha akalinusa gunia. Sabuni.

Alimwita Bunlue kwenye kibanda cha mlinzi.

"Kaka Bunlue, nani hapa hufua magunia?"

"Hakuna, Inspekta."

"Lile limefuliwa. Na limekaa juani muda mrefu. Lilikuwa wapi?"

Bunlue aliitazama mikono yake.

"Kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mama apooze, mwaka juzi. Alitaka kulala barazani, awaone wapita njia. Nikamtundikia lile apate kivuli. Akawa ananitania, 'Wenzangu wanajengewa nyumba na watoto wao, mimi nimefunikwa gunia.'" Alicheka kidogo.

"Halafu?"

"Akafariki mwezi uliopita. Kesho kutwa watawa wanakuja kumsomea. Sasa thawabu gani hiyo nimpe mama, na juu ya baraza kuna kitu cha kuiba? Nikalifua mara mbili. Jana nikalirudisha kwenye rundo la mapya."

"Na ugomvi?"

"Thongdi aliniona. Akasema, 'We bwege, litupe! Nani atakuuliza gunia?' Nikamwambia asinifundishe wizi."

"Hukuona kwamba limechoka?"

"Lilikuwa jeupe, Inspekta. Jeupe kuliko hayo mapya."

Nje, wafanyakazi walikuwa wakizipangusa punje usoni mwa Thongdi kwa mikono, taratibu, kama wanaogopa kumwamsha.

Meneja alichungulia mlangoni. "Amekiri?"

"Amekiri. Hakuna kisu."

Bunlue alinyoosha mikono afungwe. Khemchat aliandika shitaka la uzembe uliosababisha kifo. Aliandika polepole, akitafuta neno jepesi zaidi, asilipate.

Siku ya kisomo Khemchat alimpeleka mwenyewe hadi nyumbani kwake. Alikaa kando yake sakafuni, pingu mfukoni. Mtawa mkuu alipouliza jina la marehemu, Bunlue alimtaja Thongdi kwanza. Ndipo akamtaja mama yake.