Matamvua ya Mtandio wa Otilia

"Huu ni pamba tupu, dada. Ushike uone," Amparo alisema, akimkunjulia mteja mtandio wa bluu.

Otilia aliushika, lakini macho yake yalikuwa kwa muuzaji. Amparo alikuwa mzuri kuliko Otilia alivyoogopa. Jana, kwenye simu ya mumewe Fermín, alisoma ujumbe wa mwanamke huyu: "Njoo kibandani kwangu Tenancingo Jumanne saa kumi, nitakuwa peke yangu." Ndiyo maana leo, Jumanne yenyewe, alipanda basi mpaka mji huo, akajifanya mnunuzi.

Akauliza bei, akapunguziwa peso hamsini bila hata kuomba. Alipokosa la kusema, akauliza matamvua yale kayafunga nani.

"Mama yangu. Ila yale ya mtandio mweusi ule pale, yaliyopinda, ni ya dereva mmoja wa lori. Namfundisha kila Jumanne. Hataki watu wawepo, maana wanawake wa hapa wanamcheka, mwanamume mzima kufunga mafundo."

Fermín alikuwa dereva wa lori.

"Anajifunza ya nini?"

"Ni ya mkewe. Anasema mkewe amewafungia maharusi matamvua ya mitandio miaka ishirini mpaka vidole vikakakamaa, na yeye mwenyewe aliolewa bila mtandio. Siku ya kwanza alinisimulia huku analia."

Njia nzima Otilia alikuwa amepanga maneno ya kumtukana huyu dada. Sasa alimwomba kigoda tu, akakaa.

Saa kumi Fermín akatokea, kofia mkononi. Alipomwona mkewe, alisimama pale pale.

"Nilisoma ujumbe," Otilia alimwambia. "Nilikuja kugombana."

Fermín akamtazama Amparo, akaelewa kuwa siri imeshatoka. Akauliza kwa sauti ndogo kama bado wanagombana.

Otilia aliuvuta ule mtandio mweusi mapajani, akapitisha kidole chake kilichopinda juu ya mafundo, moja baada ya jingine.

"Safu ya pili yote imelegea. Ifumue. Mimi nitakuelekeza, mikono iwe yako."

Amparo akasema anakwenda kutafuta kahawa, akawaachia kibanda. Fermín akachuchumaa mbele ya mkewe, akaanza kufumua.

"Nimefunga mafundo mangapi maishani," Otilia alisema, "na yote yalikuwa ya watu wengine. Asante, mume wangu."

Fermín akapoteza hesabu ya nyuzi, ikabidi aanze upya.