Lete Nikupokee

Kama umekuja kubenua midomo, kaibenue kwenu. Juzi paka kaangusha sufuria ukalala na taa inawaka, leo unataka kuniambia majini hakuna. Kaa kitako usikilize.

Kisa kilianza na mto wa kiti. Bi Mastura, mshonaji wa mtaa wa Hamriya, alimshonea kijana mmoja, Loai, mito ya viti vya boti yake ya starehe, na mto mmoja, wa kiti cha dirishani kule chini, ukarudishwa mara mbili. Umebonyea katikati kama uliokaliwa mwaka mzima, na umelowa. Boti yenyewe haijapakia hata mgeni mmoja.

"Kitambaa chako kibovu, khala," Loai, anayemwita mama mdogo kwa Kiarabu chake, alisema kwenye simu.

"Kibovu kiti chako. Nnakuja."

Akaenda Alhamisi baada ya adhuhuri, pamoja na Nansubuga, fundi wake Mganda. Msichana huyo Jumamosi alikuwa anasafiri kwao, kumwona mtoto aliyemwacha ana meno mawili na sasa anasoma shule. Tikiti alitembea nayo mkobani, kila mara anaitoa kuitazama.

Bandarini jua lilikuwa linachoma, lakini chumba cha chini, ndani ya boti, kulikuwa na baridi ya kisimani. Kulinuka baruti na nguo mbichi.

"Boti hii ilikuwa ya nani?"

"Tajiri mmoja wa zamani. Vita vilipokuja serikali ya kwao ikaichukua, wakaipaka rangi ya kijivu, wakaifunga mzinga, ikafanya doria ya pwani. Wageni wanapenda mambo hayo, khala!" Loai akapanda juu haraka kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyemwita.

Bi Mastura akapiga magoti kupima kiti. Nyuma yake akasikia viatu vizito, vyenye maji, vinashuka ngazi. Vikasimama. Sauti ya mtu aliyechoka ikasema, "Nipokee."

Sasa, Nansubuga alipofika Hamriya mara ya kwanza, mtu angeingia na mizigo kichwani yeye kakaa tu. Bi Mastura ndiye aliyemfunza, tena kwa ukali: mtu akija kabeba, unanyanyuka, unanyoosha mikono. Na msichana alikuwa kashika somo.

"Lete nikupokee," Nansubuga akasema.

Bi Mastura alipogeuka hakuona mtu mwingine. Alimwona Nansubuga peke yake, kakaa dirishani, kakandamiza machoni darubini ya chuma inayochuruzika maji.

"We! Weka hiyo."

"Siwezi, mama," akanong'ona. "Niko zamu. Giza limeingia, na kuna meli inakuja."

Nje ilikuwa saa nane mchana, jua kali.

Bi Mastura akaivuta ile darubini, ikaja pamoja na ngozi ya uso, akaiacha, akasoma Ayatul Kursiyyu akakosea, akaanza tena, na kila akisoma maji yalizidi kumtoka msichana vidoleni, yakashuka kwenye mto, midomo ikageuka buluu, mpaka Bi Mastura akanyoosha mikono yake mwenyewe, neno la kupokea limeshafika kwenye ulimi, akalimeza, akairudisha mikono. Aliogopa, basi.

"Loai!"

Loai akashuka ngazi mbili, ya tatu ikamshinda. "Kashaishika?" akauliza.

Hakuuliza kashika nini.

"Ulijua."

"Fundi rangi..." Akakionyesha kiti kwa kidole. "Alikaa hapo hapo siku tatu. Halafu hatukumwona tena. Nilidhani hilo jini limeondoka naye, khala, wallahi."

"Ukanipigia simu ya kitambaa kibovu."

Kisha, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, Bi Mastura akamwambia Loai, "Njoo, mwanangu. Tumnyanyue tu."

Loai akaja. Nansubuga, bila kugeuza uso, akanyoosha mikono iliyobeba darubini. Iliyotoka kinywani mwake haikuwa sauti yake.

"Nipokee."

Loai kalelewa na bibi wa Unguja. Mdomo ulitangulia akili.

"Lete nikupokee," akasema, kisha akajiziba mdomo. Amechelewa.

Nansubuga akaanguka, anatapika maji ya chumvi. Bi Mastura akamshika kiunoni, akamsukuma ngazini, hakutazama nyuma.

"Khala," Loai akaita kutoka kiti cha dirishani, darubini machoni. Kisha, kwa uchovu: "Khala, nipokee."

Bi Mastura akaisokomeza ncha ya mtandio mdomoni, akaiuma, maana adabu ya miaka sabini haimtoki mtu kwa siku moja. Akatoka, akafunga mlango.